Kuotesha Maua ya Majani ya Rangi kwa Vipandikizi Nyumbani Lamu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maelezo haya yamekusudiwa wakaazi wa Lamu na visiwa jirani wanaotaka kuzidisha nyumbani maua ya majani, yaani mimea inayopendwa kwa rangi za majani yake kuliko kwa maua yenyewe: krotoni, koleusi, akalifa, kodilini, tradeskansia na jamaa zao. Aliyeko Malindi anaweza kuyafuata bila kubadilisha mengi, kwa kuwa pepo, mchanga na chumvi ni vilevile. Jambo moja linapita katika majibu yote, nalo ni kwamba tawi lililokatwa halina mizizi ya kunyonya maji, ilhali majani yake yanaendelea kuyatoa hewani kila saa. Kazi yote ya wiki za mwanzo ni kupunguza upotevu huo mpaka mizizi itoke, na kwetu pwani maadui wakubwa wa kazi hiyo ni upepo, jua la adhuhuri na chumvi.

Ni mimea gani ya rangi inayokubali vipandikizi kwa urahisi katika hali ya hewa yetu?

Anayeanza ninamshauri aanze na koleusi. Mmea huu asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki, uko katika familia moja na rehani na mnanaa, na ukilishika shina lake utahisi pembe nne kama za rehani. Hutoa mizizi ndani ya wiki moja au mbili, na hivyo humpa mtu moyo wa kuendelea. Tradeskansia, zile za mistari ya fedha na zambarau pamoja na zile za zambarau tupu, zimetoka Meksiko na ni rahisi zaidi, kwa sababu kila kifundo kinachogusa udongo wenye unyevu hutoa mizizi chenyewe. Vilevile ni rahisi ule mtambazi wa majani ya kijani yenye mabaka ya manjano, Epipremnum aureum, unaopandwa sana ndani ya vyumba.

Akalifa ya majani ya shaba na nyekundu, kodilini na drasena ziko katikati. Krotoni inakubali, lakini inataka subira, na ina swali lake hapa chini. Kaladi usiihangaikie kwa vipandikizi, kwani huzidishwa kwa kugawanya viazi vyake vya chini ya ardhi. Begonia za majani ya rangi hupenda ubaridi kuliko tulio nao, na kwa maoni yangu hazifai kwa anayejifunza akiwa pwani.

Ni msimu gani ulio bora?

Mvua za mwaka, yaani masika, kati ya Aprili na Juni, ndio wakati mzuri kuliko wote. Hewa huwa na unyevu, jua hupungua makali kwa sababu ya mawingu, na mmea mama umeshanywa maji ya kutosha. Mwezi wa Mei ndio wenye mvua nyingi zaidi, na anayekata katika wiki za mwanzo za mvua hupata miche iliyokomaa kabla ya joto kurudi. Wakati mbaya ni kilele cha kaskazi, Januari hadi Machi, mvua ikiwa imekatika na jua likiwaka. Hata hivyo, koleusi na tradeskansia zinaweza kuoteshwa mwaka mzima ndani ya kiwanda cha nyumba, yaani ua wa ndani, au penye daka, yaani baraza ya mlangoni, mahali ambapo upepo haupigi moja kwa moja.

Jihadhari pia na kusi linapokaza, Juni hadi Agosti. Watu huona baridi kidogo na mawingu wakadhani miche imestarehe, kumbe upepo ule unakausha jani upesi kama jua, na kwa nyumba zilizo karibu na maji hubeba rasharasha za chumvi.

Nichague tawi la namna gani, na nikate wapi?

Chagua tawi lenye afya, lisilo na wadudu na lisilochanua, kwa sababu tawi lenye maua hupeleka nguvu zake kwenye mbegu. Koleusi ikiwa na maua, yakwanyue kwanza. Kwa krotoni na akalifa, tawi linalofaa ni lile ambalo halijawa gumu kama kuni wala si laini kama ncha ya juu kabisa: likikunjwa hupinda kidogo, kisha hukataa. Kata asubuhi mapema, kabla jua halijaanza kunyonya maji ya mmea, na utumie kisu kikali au wembe uliosafishwa kwa spiriti au kwa maji ya moto. Kisu butu huponda nyama ya shina, na mahali palipopondwa ndipo kuoza kunapoanzia.

Urefu wa sentimita 8 hadi 10 unatosha kwa koleusi, na sentimita 10 hadi 15 kwa krotoni na akalifa. Kata chini kidogo ya kifundo, yaani pale jani linaposhikana na shina, kwa kuwa katika mimea mingi hapo ndipo mizizi inapopenda kutokea. Ondoa majani yote ya chini ili lisibaki hata moja litakalozama ndani ya maji au mchanga, kisha uache majani mawili hadi manne ya juu. Yakiwa makubwa, kama ya akalifa, yakate nusu kwa mkasi. Watu wengi huona uchungu kuyakata majani mazuri, lakini kila jani unaloliacha zima linatoa maji ambayo tawi haliwezi kuyarudisha.

Ukitaka kuona kazi inavyokwenda, liweke tawi la koleusi katika gilasi ya kioo angavu na ulitazame kila siku. Baada ya siku chache utaona vinundu vidogo vyeupe vikivimba chini ya ngozi ya shina karibu na kifundo, kisha ngozi inapasuka na mizizi inatoka, kwanza ikiwa myororo na yenye kung'aa, halafu ikianza kujigawa. Kinachosababisha hayo ni homoni iitwayo auksini, ambayo hutengenezwa zaidi katika ncha changa na kuteremka kuelekea chini ya shina. Ndiyo sababu tawi lililochomekwa kichwa chini halifanikiwi, na ndiyo sababu inafaa kukata upande wa chini kwa mshazari na upande wa juu sawasawa, hasa kwa vipande visivyo na majani, ili usisahau upi ni upi.

Je, nianze kwenye maji au kwenye mchanga?

Koleusi, tradeskansia na mtambazi wa mabaka ya manjano huota vizuri kwenye maji. Krotoni na akalifa ninashauri zianzwe kwenye mchanganyiko mkavu kiasi wa mchanga na makumbi ya nazi, kwa sababu mbao zao huchukua muda mrefu, na shina linalokaa wiki nyingi ndani ya maji yasiyo na hewa huoza. Mizizi iliyotokea majini pia ni dhaifu, hukatika upesi, na hutaka kuzoeshwa udongo. Kwa hiyo usiingoje ijae gilasi. Ikifika sentimita 2 au 3, hamisha.

Kuna jambo jingine kuhusu maji ambalo watu wa Lamu hatuna haki ya kulisahau. Mwaka 2004 mji wetu ulipigwa na mlipuko mkubwa wa homa ya chikungunya, ambayo mwaka uliofuata ilifika Ngazija. Mbu anayeieneza, Aedes aegypti, ambaye ndiye anayeeneza pia dengi, huzaliana katika vyombo vya maji vya nyumbani, na gilasi ya kipandikizi dirishani ni chombo kama chombo kingine. Badilisha maji kila baada ya siku tatu, na kila unapobadilisha usugue kuta za ndani za chombo kwa kitambaa, kwa kuwa mbu huyu hutaga mayai yake yakashikamana na ukuta juu kidogo ya maji, na kumwaga maji peke yake hakuyaondoi. Maji mapya huleta pia hewa ambayo mizizi inaihitaji, kwa hiyo kazi hiyo moja inalinda watu na mmea kwa pamoja.

Mchanga wa ufuoni unafaa?

Haufai ulivyo. Una chumvi, na chumvi huvuta maji kutoka kwenye shina badala ya kuyaacha yaingie. Isitoshe, mchanga wa ufuoni mara nyingi huwa na vumbi la matumbawe na kombe, ambalo ni chokaa, na mimea mingi ya rangi hupenda udongo wenye uchachu kidogo. Anayeweza kupata mchanga wa mtoni, kama ule wa Sabaki kwa watu wa Malindi, autumie huo. Asiyeweza na atafute mchanga wa bara, mbali na maji ya bahari, auoshe kwa maji matamu mara kadhaa mpaka yanayotoka yawe safi na yasiyo na ladha ya chumvi, kisha auanike juani ukauke kabisa.

Mchanganyiko ninaouamini ni sehemu mbili za mchanga uliooshwa na sehemu moja ya makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, pamoja na konzi ya vumbi la mkaa. Mchanga hupitisha maji, makumbi huyahifadhi, na mkaa huufanya mchanganyiko uwe mwepesi na wenye hewa. Uangalie sana asili ya makumbi. Yale yaliyofukiwa katika matope ya pwani ili yapigwe usumba wa kamba yamekunywa maji ya bahari, na hata yale ambayo hayakufukiwa huwa na chumvi ya kimaumbile. Yaloweke katika maji matamu siku mbili au tatu na uyabadilishe maji kila siku. Mbolea usitie kabisa katika hatua hii. Shina lisilo na mizizi haliwezi kuitumia, na samadi mbichi italiunguza na kulioza.

Maji ya kisima chetu yana chumvi kidogo. Nitumie nini?

Tumia maji ya mvua kila yanapopatikana. Visiwa vyetu vina desturi ndefu ya kuyahifadhi kwenye mabirika na majabia, na ndoo chache zilizowekwa chini ya mchirizi wa paa wakati wa mvua za mwaka zinatosha vipandikizi vya nyumba nzima. Zifunike, kwa sababu ya mbu hao hao. Maji matamu ya visima vya upande wa vilima vya mchanga vya Shela ni mazuri kuliko ya visima vingi vya mjini vilivyo karibu na bahari. Kanuni nyepesi ni kwamba maji usiyoweza kuyanywa kwa ajili ya ladha ya chumvi usiyape kipandikizi. Mmea mkubwa wa krotoni unaweza kuyavumilia kwa muda, lakini jeraha jipya la kisu haliwezi.

Wanaotumia maji ya mfereji yenye harufu ya klorini, kama wengi mjini Malindi, wayaache usiku kucha katika ndoo iliyofunikwa kwa kitambaa chepesi kabla ya kuyatumia.

Kwa nini krotoni yangu hupukutisha majani yote kila ninapoichomeka?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko mengine, na ninalijibu kwa urefu kwa sababu krotoni ndilo ua la majani linalopamba nyua nyingi zaidi za pwani yetu, na watu wengi wamekata tamaa nalo bure. Krotoni, ambayo jina lake la kisayansi ni Codiaeum variegatum, imetoka visiwa vya Indonesia, Malaysia na Pasifiki, mahali penye joto na hewa iliyojaa unyevu. Joto tunalo. Tunalopungukiwa, hasa wakati wa kaskazi na kusi kali, ni unyevu wa hewa ulio mtulivu. Krotoni ikihisi kwamba maji yanayotoka ni mengi kuliko yanayoingia, huyaangusha majani ili kujiokoa, na kipandikizi kilichobaki kijiti kitupu huwa kimepoteza sehemu kubwa ya chakula cha kutengenezea mizizi.

Ziba njia za upotevu moja baada ya nyingine. Kata tawi la sentimita 10 hadi 15, uliachie majani matatu au manne ya juu, na uyafunge pamoja kwa uzi laini yasimame wima, kwani yakisimama hivyo upepo na jua huyagusa kwa uchache. Mara tu baada ya kukata, utomvu utaanza kutoka. Tumbukiza ncha katika maji ya uvuguvugu dakika chache mpaka ukome, uifute, kisha uichomeke katika mchanganyiko ulio na unyevu kiasi cha kutodondosha maji unapofinywa mkononi. Funika, weka kivulini penye mwanga, na usiguse. Mizizi hutoka kwa kawaida baada ya wiki nne hadi sita, wakati mwingine zaidi. Anayeng'oa kipandikizi kila Ijumaa kukichungulia hukata mizizi michanga isiyoonekana vizuri kwa macho.

Kwa mti wa thamani ambao hutaki kuuhatarisha kwa kisu, iko njia bora, nayo ni kuotesha mizizi tawi likiwa bado juu ya mti. Chagua tawi lenye unene wa penseli, uchubue pete ya gome yenye upana wa sentimita 2 hadi 3, na ukwangue ule utando utelezi uliobaki juu ya mti ili gome lisijirudishe. Zungushia makumbi yaliyoloweshwa na kukamuliwa, yafunike kwa kipande cha plastiki, na ufunge juu na chini kwa kamba. Maji ya mti yanaendelea kupanda kupitia mbao za ndani, kwa hiyo majani hayanyauki, ilhali chakula na auksini vinavyoteremka kupitia gome hukwama juu ya jeraha na kuchochea mizizi. Baada ya wiki sita hadi kumi utaona mizizi ikijitokeza chini ya plastiki. Hapo kata chini yake na upande. Kwa njia hii mtu hupata mche mkubwa wenye majani yake yote, na kwa krotoni mimi huipendelea kuliko nyingine.

Nimechomeka vipande vya jani la sansevieria ya kingo za manjano, na michipuko yote imetoka ya kijani. Nimekosea nini?

Hukukosea katika kupanda. Sansevieria hiyo, ambayo siku hizi wataalamu wa mimea wanaiweka katika jenasi ya Dracaena, inatoka Afrika Magharibi, na kingo zake za manjano ni matokeo ya jani kujengwa na seli za aina mbili zilizokaa bega kwa bega, nyingine zikiwa na uwezo wa kutengeneza ukijani wa klorofili na nyingine hazina. Mche unaotoka kwenye kipande cha jani huanzia katika seli za upande mmoja tu, zile za kijani, na kwa hiyo hauwezi kurithi mpaka kati ya aina hizo mbili. Kanuni hiyo haibadiliki kwa dawa wala kwa mbolea.

Ukitaka kuhifadhi manjano, gawanya shina la chini ya ardhi: ng'oa mmea, tafuta chipukizi lenye mizizi yake, ulikate kwa kisu kikali, liache likauke kivulini siku moja au mbili, kisha upande. Kwa sansevieria ya kijani yenye michirizi ya kawaida, vipande vya jani vya sentimita 7 hadi 10 vinafaa, mradi upande wa chini ubaki chini; uvumilie tu, kwani chipukizi linaweza kuchukua miezi kadhaa kuonekana.

Jambo la karibu na hili hutokea kwa mtambazi wa mabaka ya manjano. Jani lake lililokatwa peke yake bila kifundo linaweza kutoa mizizi na kukaa gilasini mwaka mzima likiwa la kijani na lenye afya, lakini halitatoa shina kamwe, kwa sababu jicho la kuchipua liko kwenye kifundo. Kila kipande na kiwe na jani moja na kifundo kimoja. Na kwa kuwa mabaka hufuata jicho lililochipua, chukua vipande vyako kwenye sehemu za mtambazi zenye manjano mengi.

Kodilini yangu imerefuka mno na majani yamebaki kileleni tu. Nifanyeje?

Ikate bila hofu, kwani shina moja refu lina miche mingi ndani yake. Kilele chenye majani kioteshe kama kipandikizi cha kawaida baada ya kupunguza majani. Shina lililobaki likate pingili za sentimita 5 hadi 10, zianike kivulini siku moja mpaka majeraha yakauke, kisha uzilaze juu ya mchanganyiko wa mchanga na makumbi zikiwa zimezama nusu. Macho yaliyolala yatachipua kwa juu na mizizi itatoka kwa chini. Kisiki usikitupe, nacho kitachipua. Drasena za kingo nyekundu hufuata njia hiyo hiyo.

Je, dawa ya mizizi ni ya lazima? Na asali au mshubiri je?

Kwa koleusi, tradeskansia na mtambazi si lazima hata kidogo. Kwa krotoni na akalifa, unga wa homoni unaouzwa katika maduka ya pembejeo husaidia kuharakisha na kuongeza idadi ya mizizi. Chovya ncha tu, ukung'ute uliozidi, na utoboe tundu la kijiti kwanza ili unga usisuguliwe wakati wa kuchomeka. Tia kiasi unachohitaji kwenye sahani na usichovye ndani ya kopo lenyewe.

Asali si homoni ya mizizi, wala mdalasini. Ute wa mshubiri unapendwa na wengi na haudhuru, lakini ninayeulizwa ushauri nasema kwamba kivuli, kifuniko na maji matamu vinaokoa vipandikizi vingi kuliko kitu chochote cha kupaka.

Nifunike kwa kitu gani sasa ambapo mifuko ya plastiki imepigwa marufuku?

Tangu mifuko ya kubebea bidhaa ipigwe marufuku nchini mwezi wa Agosti 2017, kifaa chepesi ni chupa ya maji ya lita moja na nusu au ya lita tano iliyokatwa kitako. Ifunike juu ya chungu na uache kifuniko chake kikiwa kimefungwa siku za kwanza, kisha ukifungue kidogo kidogo kadiri siku zinavyokwenda. Matone mepesi yakionekana ndani asubuhi, hali ni nzuri. Maji yakitiririka kwenye kuta kutwa nzima, yamezidi na ukungu utaingia. Kifaa kilichofunikwa kisiguswe na jua la moja kwa moja, maana chini ya chupa joto hupanda haraka na kipandikizi hupikika. Kivuli cha kuti lililosukwa, linalopenyeza mwanga uliotawanyika, kinafaa kuliko chumba chenye giza.

Kwa vyungu, vifuu vya nazi vilivyotobolewa, makopo na madebe yote yanafaa, ilimradi maji yapate pa kutokea.

Nitajuaje kuwa kimeshika, na nikihamishe lini?

Jani jipya ni dalili nzuri lakini halitoshi, kwa sababu tawi linaweza kuchipua kwa akiba yake lenyewe kabla ya kuwa na mzizi. Livute kwa upole mno: likikataa, mizizi ipo. Tazama pia matundu ya chini ya chombo. Ukishathibitisha, hamishia kwenye udongo wenye rutuba, nao uwe wa bara, kama ule wa Hindi, mji ulio upande wa bara wa Lamu, kwa anayeweza kuufikisha, uliochanganywa na mchanga na mboji. Samadi ya punda tunayo tele mitaani mwetu na ni mbolea njema, lakini lazima irundikwe, inyunyiziwe maji na igeuzwe kwa muda wa miezi mitatu hivi mpaka ipoteze harufu na joto. Mche uliohamishwa ukae kivulini wiki nzima, kisha uuzoeshe jua la asubuhi.

Miche imekua lakini rangi zimefifia. Kwa nini?

Mara nyingi ni mwanga. Wekundu na uzambarau wa krotoni, akalifa na koleusi hutokana hasa na rangi iitwayo anthosayanini, ambayo mmea huitengeneza kwa wingi zaidi ukipata mwanga mkali. Krotoni iliyokuwa moto mtupu uani ikaingizwa ndani ya chumba chenye madirisha madogo, kama vilivyo vyumba vingi vya nyumba zetu za mawe, hutoa majani mapya ya kijani, na hakuna mbolea itakayoibadilisha mpaka irudi kwenye mwanga. Krotoni na akalifa zilizozoeshwa huvumilia jua la kutwa. Koleusi nyingi hupendeza zaidi kwa jua la asubuhi na kivuli cha alasiri. Jua la saa saba mchana kwetu huzichujua rangi na kuunguza kingo. Mbolea yenye naitrojeni nyingi nayo huongeza ukijani kwa gharama ya rangi nyingine. Tawi la kijani tupu likichomoza kwenye mmea wa mabaka, likate mapema, kwani lina klorofili zaidi, hukua upesi, na litayashinda mengine.

Majani mapya ni manjano lakini mishipa yake imebaki ya kijani. Ni ugonjwa?

Kwa kawaida ni ukosefu wa chuma, na sababu yake kwetu ni chokaa. Katika udongo wa matumbawe chuma kinaweza kuwapo, lakini mizizi haiwezi kukichukua. Chungu kilichowekwa chini ya ukuta wa chokaa unaobanduka hupata tatizo hilo hata kama kilijazwa udongo mzuri, kwa kuwa mvua huteremsha chokaa ndani yake. Sogeza chungu, badilisha udongo wa juu, ongeza mboji ya majani, na utumie maji ya mvua. Pakizidi, tafuta mbolea ya chuma ya kunyunyizia majani.

Nikabiliane vipi na wadudu, na paka wanaochimba vyungu?

Angalia makwapa ya majani ya krotoni na koleusi. Ukiona vitu vyeupe kama pamba, hao ni vidung'ata. Wafute kwa pamba iliyochovywa spiriti, halafu unyunyize maji ya sabuni, kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa lita. Jani la krotoni lililopauka kwa vitone vidogo mno na kuwa na utando mwembamba kwa chini lina utitiri, unaostawi wakati wa ukavu. Lioshe kwa maji mara kwa mara. Mwarobaini umejaa kila mahali pwani: ponda gramu 50 za kokwa kavu zilizomenywa, ziloweke katika lita moja ya maji usiku kucha, chuja, tia sabuni kidogo, na unyunyize jioni.

Paka wa Lamu ni wengi na hupenda mchanga mwepesi. Kipande cha wavu wa samaki uliochakaa, kilichotandazwa juu ya kitalu na kubanwa kwa mawe pembeni, huwazuia bila kuwadhuru na huacha hewa na mwanga vipite.

Kuna mimea ya rangi yenye hatari kwa watoto?

Ipo. Difenbakia, kaladi na yule mtambazi wa mabaka ya manjano zina fuwele za kalsiamu oksaleti zilizo kama sindano ndogo sana. Mtoto akitafuna jani, mdomo na ulimi huwaka na kuvimba. Msafishe mdomo kwa maji na umpeleke hospitalini, hasa akipumua kwa shida. Utomvu wa krotoni huwasha ngozi za baadhi ya watu na kutia nguo madoa yasiyotoka. Ule mti mdogo wa majani mekundu, Euphorbia cotinifolia, una maziwa makali ambayo yakiingia jichoni huleta madhara makubwa. Ukiukata, vaa glavu, na uoshe kisu na mikono kwa sabuni kabla ya kugusa uso. Vyombo ulivyooteshea visirudi jikoni.

Ninaweza kuleta vipandikizi kutoka Unguja au Omani nilikokwenda kuwatembelea jamaa?

Si bila ruhusa. Mmea wowote unaoingia Kenya kutoka nje, hata tawi moja lililofungwa ndani ya kanga, unahitaji kibali cha kuingiza mimea kutoka KEPHIS, shirika linalosimamia afya ya mimea nchini, kinachopatikana kabla ya safari, pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi ulikotoka. Sharti hilo lina maana kwetu, kwa kuwa wadudu na virusi husafiri ndani ya majani na udongo. Zawadi iliyotoka Mombasa au Malindi haina masharti hayo, lakini itenge na mimea yako kwa wiki mbili au tatu, uikague chini ya kila jani, na udongo iliyokuja nao uutie kwenye mfuko uliofungwa badala ya kuumwaga uani.